Ngozi ya Mabati

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akatarajia safari. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Mbeya, walikwenda Dar es Salaam, wengine walivuka mpaka kabisa, wakarudi na picha wamesimama mbele ya majengo. Mimi nilirudi Mbozi na sanduku langu, nikaolewa kilima cha pili kutoka kwa baba yangu, nikaketi. Mume wangu akanibandika jina la Msomi wa Jikoni. Sikulikataa, kwa sababu jikoni nilikuwa nasoma kweli. Kila kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi nilikisoma kabla hakijaingia motoni, na habari ikikatwa katikati nilijimalizia mwenyewe.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akihamishwa. Wakati wa kuhamia vijijini, lori la serikali lilitupakia na kutushusha kando ya barabara kuu, sisi na kuku wetu na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekataa katakata kuacha mafiga yake matatu, kana kwamba Mbozi imeishiwa mawe. Tulionyeshwa uwanja wetu, tukaambiwa tujenge kibanda cha muda. Tukajenga. Ule muda ukawa mrefu hata watoto wakadhani "kibanda cha muda" ndiyo aina ya nyumba, kama vile kuna nyumba ya nyasi na nyumba ya tofali.

Siku ile niliposhuka kwenye lori nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, nimehamishwa mara moja. Nyumba nitakayojenga hapa, atakayenitoa ni yule mwenye kuzika."

"Utaijenga kwa nini? Kwa magazeti?"

"Kwa tofali. Na juu bati."

Alicheka. Lakini alikuwa amesikia, na mtu akimaliza kumcheka mke wake huwa inambidi afanye kitu. Kila msimu wa kahawa, baada ya jembe na shule na dawa, tulinunua mabati machache. Siku zile bati lilipatikana kwa kibali au kwa kujuana, na mume wangu, nampa haki yake, alikuwa anajuana na watu. Mabati yalikuja moja moja na mawili mawili, nayo hayakuwa na pa kukaa ila chini ya kitanda. Kila yalipoongezeka tulikiinua kitanda na kuzidisha matofali kwenye miguu yake, mpaka ikabidi nikipande kwa kigoda. Tukawa tunalala juu ya paa letu, tukingoja siku ya kulala chini yake.

Kuku wangu mmoja mweusi alipaona pale chini ni mahali pazuri. Akahamia. Alitaga na kulalia juu ya mabati ya juu kabisa, kila tulipoongeza mengine akahamia juu yake, akaangua, akaacha na mengine ambayo kuku huacha. Nilikwangua nikachoka. Mavi ya kuku yakikaa kwenye bati hula ule mng'ao wake, yanaacha mabaka meupe kama ya mtu mwenye choa usoni. Mume wangu alisema, "Mwache. Mvua itayaosha." Mtakuja kuona kwamba katika jambo hili kuku yule alifanya kazi kubwa kuliko mimi na mume wangu.

Mwaka ambao hatimaye tulipandisha kuta, nchi ilikuwa haina kitu. Vita ilikuwa imekwisha lakini sukari ilikuwa haijarudi kutoka vitani. Duka la kijiji liliuza majembe yasiyo na mipini na, kwa muda mrefu sana, viberiti visivyowaka. Sabuni tulikuwa tunaikata kwa uzi. Mama mkwe wangu, aliyependa chai tamu kuliko alivyowapenda baadhi ya wanawe, alikuwa anakunywa chai na kuangalia ukutani, kama mtu anayetimiza adhabu. Na Tunduma, mwendo wa lori tu kutoka kwetu, ng'ambo ya kamba ya mpaka, watu walisema vitu vipo.

Hapo ndipo alipotokea yule tuliyemwita Mlezi.

Lakini kwanza nieleze kulaza, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima wenye akili zao walifanya walichofanya. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Wengine anawalaza kwa rafiki, kilima kingine. Ugonjwa ukiingia hautawamaliza wote, na ndugu wakija kuomba hawatawaona wote. Yule anayelea anakunywa maziwa, wewe mwenye ng'ombe unapata ndama. Na kuna adabu yake. Huendi kila wiki kuangalia ng'ombe wako, ni kumtukana mwenzako. Huulizi "wamefika wangapi?" Unangoja aseme mwenyewe. Ukimkuta njiani unamuuliza habari za watoto wake, yeye anaelewa unauliza ndama, naye anakujibu habari za watoto wake, na wewe unaelewa. Ni mazungumzo mazuri sana kuyasikiliza.

Na mwisho kabisa kuna ngozi. Ng'ombe akifa, yule mlezi anakuletea ngozi. Hata kama ni mbali, hata kama inanuka, anaibeba mpaka uani kwako. Ng'ombe uliyeletewa ngozi yake amekufa, mnasikitika pamoja, yamekwisha. Ng'ombe asiye na ngozi hajafa. Ameuzwa.

Mume wangu alikuwa msimulizi hodari ila hakumaliza. Alikuwa anafika mahali patamu, anaona watu wamefurahi, anasimama hapo hapo kwenda kutafuta ugoro. Mambo mengi ya ukoo wao nayajua mimi kwa sababu nilimalizia kwa kumuuliza mama yake. Sasa msimu mmoja alikuwa kwenye kituo cha kahawa, Vwawa, foleni haisogei, akaketi na mgeni mmoja mwenye suti ya safari ya kijivu na maneno laini. Mgeni akamuuliza habari za watu wa huku, wanaaminianaje. Mume wangu akamweleza kulaza. Akaeleza maziwa, akaeleza ndama, akaeleza adabu ya kutouliza. Kisha foleni ikasogea.

"Yule bwana alifurahi mpaka akanishika mkono," aliniambia jioni.

"Ulimwambia yote?"

"Nilimwambia ya kutosha."

Haukupita muda mrefu tukaanza kusikia habari za Mlezi wa Tunduma. Kila mtu alimjua kwa namna yake. Wanamwanga aliwaambia mama yake ni wa kwao, upande wa pili. Watu wetu wakulima aliwaambia alilelewa karibu na misheni ya Mbozi na kuimba kwaya. Wafanyabiashara Waislamu pale mjini aliwaamkia kwa salamu yao bila kukosea. Na wote aliwaambia jambo moja: mali inayokaa haizai. Niletee, uilaze kwangu. Mimi nina watu ng'ambo. Itazaa sukari, itazaa sabuni, itazaa vitenge, na mwisho wa msimu mama anarudi kwako, na wewe una ndama.

Angesema riba, angesema faida, watu wetu wangekumbuka kamati na mikutano, wangekimbia. Alisema kulaza. Neno lilikuwa letu, likaingia ndani bila kubisha hodi.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mpole sana, ndiye aliyetangulia kwetu. Alilaza magunia ya mahindi. Haukwisha mwezi lori likasimama mbele ya nyumba yake, akashushiwa mfuko wa sukari, mche wa sabuni na kitenge chenye tausi. Alitugawia. Mama mkwe wangu alitia sukari kwenye chai, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akanywa, akafumba macho.

"Mlezi huyu," alisema, "ana mke?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mtu kama huyo aangaliwe."

Baada ya hapo ikawa kama harusi. Watu walilaza kahawa ya maganda waliyoificha isifike kituoni. Walilaza baiskeli na cherehani. Kutoka Isongole, huko Ileje, walikuja na maharage, kutoka Ibaba mzee mmoja alishuka milima na fahali mweusi wa kupendeza, akamtembeza mpaka Tunduma kwa miguu ili asikonde kwenye lori. Waliotangulia walipata, na waliopata walilaza tena walichopata. Walioenda kumwamkia Mlezi walirudi na hadithi ya ghala lake jipya, ambalo lilikuwa halijakwisha kuezekwa, makatoni yamepangwa mpaka juu kama ukuta wa kanisa. Mume wangu alitembea barabarani kifua mbele. "Neno lile nilimpa mimi," aliwaambia watu, wakamtazama kama mtu aliyegundua mvua.

Mwisho wa kiangazi kuta zetu zilikuwa zimesimama, matofali mabichi, kazi ya miezi. Mwenye kujenga kwa tofali bichi anajua: bila paa, mvua mbili tatu za maana zinazirudisha kuta kuwa udongo. Ilibaki kupaua. Ndipo mume wangu aliporudi kutoka Tunduma na wazo, na mimi mtu akirudi kutoka Tunduma na wazo huwa najua kuna kitu kitatoka nyumbani.

"Mlezi anatafuta mabati," alisema. "Tukilaza yetu, kabla ya mvua yanarudi na ndama. Tutapaua na jiko. Na choo."

"Choo cha bati cha nini? Tutakuwa tunapokea wageni humo?"

"Msomi, fikiria. Yapo tu chini ya kitanda. Yanalaliwa na kuku."

"Yanangoja kuta. Kuta hizo hapo. Zimekuja."

"Wewe unaogopa kwa sababu hutoki. Toka uone watu wanavyoendelea!"

Tulibishana mpaka moto ukazimika. Mwishowe akasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na tupige kura. Tukapiga kura kijamaa, wazi, kwa kunyoosha mikono. Yeye alinyoosha. Mama mkwe wangu alinitazama kwa huruma, akaitazama sufuria ya chai, akanyoosha. Chama kilikuwa kimeamua. Asubuhi yake mabati yalitolewa, na kitanda kikashushwa mpaka chini. Usiku ule kila nilipogeuka nilihisi nimeanguka. Kuku mweusi alizunguka chumbani akilalamika, na kwa mara ya kwanza mimi na kuku tulikuwa na msimamo mmoja.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Ileje. Mlezi alikuwa kimya. Nilimwambia mume wangu aende.

"Siwezi kwenda kuuliza. Atanionaje? Kama simwamini?"

"Basi kamuulize habari za watoto wake."

Akaenda, akauliza habari za watoto wake. Mlezi akajibu kwamba hana watoto. Mume wangu alirudi akiwa na wasiwasi kidogo, lakini hakujua ni wa nini. Alikuwa ameonyeshwa makatoni, akapewa soda. Wengine pia walikwenda, wakaonyeshwa makatoni yale yale, wakapewa soda. Hakuna aliyethubutu kusema "nipe." Ile adabu yetu yote, iliyotengenezwa kwa ajili ya marafiki wa kilima na kilima, ilikuwa inamlinda yeye kama mbwa.

Nilikaa jikoni nikafikiri. Nilijua neno lilitoka kwa nani. Na nilimjua aliyelitoa, nimelala naye miaka yote hiyo. Kama mume wangu ndiye aliyemfundisha yule bwana kulaza, basi alimfundisha nusu. Nikajua pia ni nusu ipi iliyobaki. Wingu la kwanza lilinyunyiza usiku huo, mvua ya kuweka vumbi chini tu, na asubuhi nilikwenda kwenye kuta nikakuta pembe moja imelainika kama uji. Nikaingia ndani, nikavaa viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi?" mume wangu aliuliza.

"Tunduma."

Alikaa chini. Mama mkwe alitoka jikoni kuja kuona. Balozi wa nyumba kumi alipopita akaambiwa, naye akasimama kuangalia.

"Tunduma hii hii?" mume wangu alisema.

"Kama ipo nyingine utanionyesha. Twende."

Mwenye lori lililotupakia siku hiyo alikuwa msafirishaji mmoja Mwislamu aliyekuja Tunduma kutoka mkoa wa mbali, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa akibeba kahawa yetu. Aliniweka mbele kwa heshima. Nilitapika kabla hatujafika mbali. Akasimamisha lori, akanipa maji.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "dada huyu hujawahi kumtoa?"

"Hatoki. Leo amekasirika."

"Mnaenda kwa Mlezi?"

"Ndiyo. Wewe umelaza nini kwake?"

"Mimi nabeba mizigo ya watu," alisema yule bwana. "Kwake nimepeleka mingi sana. Sijawahi kuitwa kuchukua mzigo unaotoka kwake kwenda mbali. Nikafikiri labda ana lori jingine." Akaweka gia. "Halafu nikaona hana."

Tunduma ilikuwa kama nilivyoiogopa, vumbi na sauti, watu wakisalimiana Kiswahili na Kibemba katika sentensi moja, wanawake wamebeba mabeseni wakivuka mpaka kama wanavuka uwanja wa nyumbani. Ghala la Mlezi lilikuwa karibu na huko, jipya, paa linang'aa. Ndani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa watu wa kwetu na wa Ileje, kofia magotini, soda mikononi, kila mmoja na sura ya mtu aliyepita tu kusalimia. Yule mzee wa Ibaba alikuwepo. Jirani yetu mzee wa kanisa pia. Nyuma yao ule ukuta wa makatoni.

Mlezi alisimama kunipokea. Mtu mzuri wa sura, meno safi. "Karibu bamayo, mama yetu, karibu sana. Huyu ndiye mama mwenyewe? Ndugu yangu, umetuficha mama siku zote!"

"Shikamoo," nilisema. "Nimekuja kuiona mifugo yangu."

Benchi lilishtuka. Mume wangu alitazama viatu vyake. Nilikuwa nimevunja adabu, tena mwanamke, tena mbele za watu. Mlezi hakushtuka. Aliona ni mzaha akacheka.

"Mifugo iko malishoni, mama. Ng'ambo. Inanenepa."

"Mvua imefika na kuta zangu zinalowa. Nataka irudi."

Hapo akavuta kiti karibu, akashusha sauti, lakini siyo chini sana, kwa sababu alitaka na wengine wasikie na wazoee. "Mama, nitakuambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Biashara ni kama mifugo. Wengine wanazaa, wengine wanakufa. Mabati yako, kwa bahati mbaya, yamekufa. Forodha ya upande wa pili imeyakamata. Mimi mwenyewe nimeumia. Lakini ukilaza kitu kingine, yale yatafidiwa."

"Yamekufa," nilisema.

"Yamekufa, mama. Pole sana."

"Asante. Tumeshapoa. Basi nipe ngozi."

"Nini?"

"Ngozi."

Alinitazama. Akamtazama mume wangu. Nikaona anatafuta kichwani mwake mahali pa kuliweka neno lile na hapaoni, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, akaliweka mahali pa biashara. Akapiga paja kwa furaha.

"Ah, ngozi! Mama una akili! Msimu huu sikuchukua ngozi, lakini wewe lete. Leteni wote! Ngozi nazo nitazilaza, zitazaa."

Soda ziliacha kunywewa. Tukasikia mwanamke nje akiuza dagaa.

Yule mzee wa Ibaba aliuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha milimani, "Amesemaje?"

"Amesema tumletee ngozi," jirani yangu alimjibu.

"Sisi? Tumletee yeye?"

"Sisi."

Mzee aliweka chupa yake chini kwa uangalifu, akainuka. "Bwana," alisema, "wewe kulea ulifundishwa na nani?"

Mlezi, akiona mambo yamebadilika na asijue yamebadilikia wapi, alinyoosha kidole kwa mume wangu. "Na huyu! Muulizeni huyu! Yeye ndiye aliyeniambia yote!"

Watu wote wakamgeukia mume wangu. Miaka mingi nimekaa na mume wangu, na sijawahi kumwona mdogo kama alivyokuwa pale.

"Nilikuwa sijamaliza," alisema.

Sijui nani alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kifupi, kikaisha, halafu watu wakawa wote wamesimama. Hakuna aliyempiga. Walikwenda kwenye makatoni. La juu lilishushwa kwa mkono mmoja na kijana mwembamba, na hapo tukajua. Lilikuwa na nyasi. Safu nzima ya mbele ilikuwa na nyasi, na nyuma yake hakukuwa na safu ya pili, kulikuwa na mlango. Tulipogeuka kumtafuta Mlezi, kiti chake kilikuwa kitupu. Mpaka ulikuwa hatua chache, na katikati ya watu suti moja ya kijivu haitofautiani na nyingine. Mgambo walipofika walituuliza sisi maswali kwa muda mrefu, kama kawaida yao.

Watu walikaa chini pale ghalani wakaanza kuelewa, mmoja mmoja. Mimi nilielewa nikimtazama yule mzee wa Ibaba. Hakukuwa na watu ng'ambo. Hakuna kilichozaa kitu. Kitenge chenye tausi kilikuwa baiskeli ya mtu. Sukari tuliyokunywa ilikuwa ng'ombe wa mtu, labda yule fahali mweusi mwenyewe, na mzee alikuwa ameketi mbele yangu akiuliza kama kuna aliyeona hata mkia. Jirani yetu alimpa koti lake, mzee akaondoka nalo. Sikumsikia tena jirani yetu akimshauri mtu jambo lolote, hata la mbegu.

Nilipokuwa nimeinua kichwa ili machozi yasitoke mbele ya Tunduma, nikaliona paa kwa ndani. Bati moja juu ya mlango lilikuwa na mabaka meupe. La kando yake pia. Nikasimama juu ya benchi.

"Baba watoto."

"Niache kwanza."

"Baba watoto, tazama juu. Kuku wangu amepita hapa."

Alitazama. Polepole uso wake ukarudi. Aliyajua mabaka yale kama ninavyoyajua, alikuwa ameyalalia. Mgambo walitaka ushahidi. Nikawaeleza habari za kuku kuanzia siku alipotaga, bila kuruka kitu, mpaka mkubwa wao akainua mkono akasema, "Imetosha, mama, chukua." Mwenye lori alitoa ngazi na nyundo ya kung'olea misumari. Mume wangu alipanda mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Yaliyopatikana pale juu ya mlango, yenye alama, yalikuwa yale ya juu tu, aliyoyafikia kuku. Mengine ya chini yalikuwa safi, na bati safi halina mwenyewe. Yalibaki mikononi mwa serikali mpaka leo kwa kadiri nijuavyo. Karibu nusu ya mabati yetu.

Tulirudi tumekalia mabati nyuma ya lori, maana nilikataa kukaa mbele. Tulipokaribia kwetu mume wangu alinigeukia.

"Ungeniuliza, ningekumalizia habari ya ngozi."

"Ungenimalizia. Mimi nilikuwa naijua. Aliyekuwa haijui ni yule."

Akafikiri. "Kwa hiyo," alisema, "ningemaliza kusimulia, tungeibiwa vizuri zaidi."

Nilimwambia ashike bati, lori lilikuwa linaingia kwetu.

Mvua ilitupa siku chache. Upande mmoja tulipaua bati, yale yenye mabaka na sasa pia yenye matundu ya misumari ya Tunduma, tuliyoyaziba kwa lami iliyokwanguliwa barabarani. Upande wa pili tuliezeka nyasi. Nyasi za mwishoni mwa kiangazi ni za kubahatisha, lakini majirani walileta, na jirani mzee wa kanisa alileta mizigo mingi kuliko wote, akaishusha nje ya ua akaondoka bila hodi. Nikamwita, nikamwekea chai isiyo na sukari. Alikaa akainywa yote.

Nyumba ikawa mashuhuri. Mtu akielekeza njia alisema, "Pita mpaka uone nyumba nusu." Wanafunzi waliiimba. Mama mkwe wangu alichagua chumba cha upande wa nyasi, akidai bati linampigia kelele, na mume wangu alitaka upande wa bati kwa sababu ya kujionyesha. Kitanda tulikirudisha kimo chake cha zamani, tukayarudisha yale matofali chini ya miguu yake. Nilikuwa nimezoea kupanda kwa kigoda, na kuku alikuwa amezoea kukaa chini.

Hadithi ya Tunduma mume wangu aliisimulia kila palipokuwa na watu watatu. Aliifikisha mpaka pale Mlezi anaposema "leteni wote," watu wakaangua kicheko, naye akainuka kutafuta ugoro. Mimi nilikuwa jikoni, moto mbele yangu, mvua juu, upande mmoja ikiunguruma na upande wa pili ikinyonywa kimya. Wageni walikuwa wanageukia mlango wa jikoni na kuniita.

"Na ngozi, mama?"

"Mmekaa chini yake," niliwaambia, nikiwaonyesha mabaka kwa mwiko.